Bareti za kasi mu kompyuta: kabla ya kuzisukuma, zipime kwanza

Mwaka jana, mu kipindi cha mvua, kompyuta yetu ya montaji ilianza kutufanyia mambo ya ajabu. Programu ya kuhariri sauti ilikuwa inafunguka sawasawa, inafanya kazi saa moja, saa mbili, halafu inajifunga yenyewe bila kusema neno. Siku zingine faili lilihifadhiwa vizuri, lakini kesho yake ukilifungua unasikia krii-krii katikati ya maneno ya mtu. Tulisema ni virusi, tukasafisha virusi. Tukasema ni umeme, tukanunua stabilizateri mpya. Tukasema ni diski, tukabadilisha diski. Hali ikabaki ile ile.

Fundi kijana aliyeletwa na mwenzetu mmoja hakufungua hata boksi. Aliuliza swali moja tu: “Mukubwa, ni nani aliingia mu BIOS ya hii mashini?”

Kimya. Kisha teknisiani wetu, kijana mzuri na mwenye bidii, akainua mkono: “Ni miye, yaya. Nilikuwa nataka ikimbie.”

Alikuwa amenunua bareti nne za RAM zilizoandikwa 3600, akaziweka, akaingia mu BIOS, akabonyeza mahali pamoja tu ili zifikie ile kasi ya kwenye karatasi. Mashine iliwaka. Windows ikafunguka. Kwa macho, kila kitu kilikuwa sawa, na kwake kazi ilikuwa imeisha. Kumbe haikuwa hata imeanza, sababu hakuna aliyekuwa amepima kama memori inaweza kweli kubeba mwendo ule.

Swali hili si la studio peke yake. Kule Goma, Bukavu, Butembo, Uvira au Bunia, vijana wengi wanaofanya montaji ya video za harusi, miziki, mabango na michezo wanatafuta namna ya kupata mwendo zaidi kutoka mashine ambazo tayari ziko na umri. Kuna jina la kazi hiyo: overkloki, yaani kuisukuma sehemu ya kompyuta ifanye kazi kwa kasi kupita ile ya kawaida. Na kwetu neno “memwari” lina balaa lake. Mwanafunzi akimwambia mama yake “memwari yangu imeharibika”, mama anafikiri ni kile kitabu cha kumaliza masomo. Mara nyingine ni kweli, maana moja inaweza kuharibu ingine.

Memori ni bidoni zenye tundu

Memori ya RAM si mahali pa kuhifadhi vitu kwa muda mrefu. Hiyo ni kazi ya diski. RAM ni meza ya kazi: kila unachofungua kinawekwa hapo juu kwanza, kinafanyiwa kazi, kisha kinarudishwa mu diski. Ndiyo maana kosa la RAM ni baya. Kama faili limeharibika likiwa juu ya meza, diski italihifadhi kwa uaminifu wote pamoja na uharibifu wake.

Ndani ya bareti kuna vyumba vidogo sana, na kila kimoja kinabeba jibu moja: 0 au 1. Mtindo huu wa chumba chenye transista moja na kapasita moja ulibuniwa na Robert Dennard wa IBM, aliyepata hati yake ya ubunifu mwaka 1968. Bareti ya gigabaiti 8 iko na vyumba hivyo zaidi ya bilioni 68. Kila chumba ni kama bidoni ndogo ya maji: ikiwa na maji ni 1, ikiwa tupu ni 0. Shida ni kwamba kila bidoni iko na tundu. Maji yanavuja. Kwa hiyo kompyuta inapita kwenye bidoni zote na kuzijaza upya, na kwa kawaida mzunguko wote haupaswi kupita milisekunde 64. Tena, kusoma kwenyewe kunamwaga maji: ili kujua bidoni iko na nini, lazima uimwage, uangalie, halafu uirudishie.

Sasa mtu akisema anasukuma memori, maana yake anapunguza muda wa kila tendo. Mwaga haraka, angalia haraka, jaza haraka. Bidoni nyingi zitakubali. Lakini ikitokea moja kati ya bilioni 68 yenye tundu kubwa kidogo kuliko zingine, wakati mwingine itasomwa tupu wakati ilikuwa na maji. Kompyuta haitapiga kelele. Itachukua 0 mahali pa 1 na kuendelea na safari.

Madhara yake ni nini? Mu maandishi ya kompyuta, herufi l na herufi n zinatofautiana kwa biti moja tu. Biti hiyo ikigeuka, “kula” inakuwa “kuna”. Hapo utacheka. Lakini chukua daftari la kooperative ambapo mtu ameweka 1,200. Kama namba hiyo imehifadhiwa kama namba nzima, biti moja tu ikigeuka mahali pabaya inakuwa 17,584. Hakuna mwizi, hakuna aliyeandika vibaya, na hesabu haitoki. Utamlaumu mweka hazina.

3600 ya kwenye karatasi ni ahadi ya nani?

Hapa ndipo wengi wanadanganyika, na si kosa lao. Shirika la JEDEC ndilo linaloweka kanuni za memori duniani. Kwa DDR4, aina ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka 2012, kanuni zake kuu zinafika 3200 kwa nguvu ya volti 1.2. Namba hiyo inamaanisha mapokeo milioni 3,200 kwa sekunde kwenye kila waya wa data. Bareti ya 3600 kwa kawaida inaomba volti 1.35, na imeshatoka nje ya kanuni hizo. Maana yake, ukiinunua umenunua kitu kilichosukumwa tayari.

Kampuni nyingi zinazoweka jina lao juu ya bareti, kama Corsair au G.Skill, hazitengenezi vipande vyeusi vya ndani. Sehemu kubwa ya vipande hivyo inatoka kwa kampuni tatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Wauzaji wa bareti wananunua vipande, wanavipima, wanavichagua, vile vyepesi vinapewa namba kubwa na rangi nzuri. Halafu wanaandika mwendo huo mu kipande kidogo cha kumbukumbu kilicho juu ya bareti yenyewe. Intel ndiyo iliyoleta mtindo huo mwaka 2007 kwa jina XMP. AMD ilileta wake, EXPO, mwaka 2022. Ukibonyeza XMP mu BIOS, kompyuta inasoma yale maandishi na kuyafuata.

Lakini muuzaji alipima bareti mbili kwenye mashine yake, na processeri yake, kadi-mama yake, kwenye chumba chake chenye hewa safi. Hakupima nne ndani ya boksi lenye vumbi la Goma. Bareti nne ni mzigo mkubwa kuliko mbili, sababu sehemu ya processeri inayoongea na memori inapaswa kuzihudumia zote. Na kama ulinunua mbili mwezi huu na mbili mwaka ujao, hata zikiwa na jina moja, vipande vya ndani vinaweza kuwa vya kampuni tofauti kabisa.

Kuna namba ya pili ambayo watu hawaiangalii: ile CL, ambayo ni hesabu ya kungoja kabla ya jibu la kwanza. Chukua CL, zidisha mara 2,000, gawa kwa mwendo. Unapata muda kwa nanosekunde. Bareti ya 3200 yenye CL16 inangoja nanosekunde 10. Ya 3600 yenye CL18 inangoja nanosekunde 10 vilevile. Ya 2400 yenye CL17 inangoja zaidi ya 14. Kwa hiyo kutoka 2400 kwenda 3200 utasikia tofauti mu kazi nzito. Kutoka 3200 kwenda 3600, jibu la kwanza halifiki mapema, ila data nyingi zinapita kwa pamoja. Anayeandika barua na kuchapisha fakitire hatasikia chochote. Faida iko zaidi kwa yule ambaye kompyuta yake haina kadi ya picha ya peke yake, maana picha zinachukua RAM hiyo hiyo, na kwa mashine za Ryzen, ambazo njia zao za ndani zinaenda pamoja na mwendo wa memori. Kwa kizazi cha Ryzen 5000, wengi wanasimama karibu na 3600, kupita hapo faida inaanza kurudi nyuma.

Na tuseme wazi: zile kompyuta za ofisi zinazoingia hapa zikiwa zimeshatumika Ulaya au Dubai, nyingi hazina hata mlango wa kusukuma. Utaweka bareti ya 3600, nayo itatembea kwa 2400 au 2666 bila kukuambia. Umelipia mwendo ambao hautaupata. Uliza kwanza kadi-mama inakubali nini.

Namna ya kupima

Programu ya kupima memori inafanya kitu chepesi mara nyingi sana. Inaandika alama inayojulikana mu kila chumba, inarudi kuisoma, inalinganisha. Mara inaandika 0 kila mahali, mara 1, mara 0 na 1 zikipishana, mara namba za kubahatisha. Inabadilisha alama sababu chumba kinaweza kuwa kizuri kikiwa peke yake lakini kikavurugwa na majirani. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba ukisoma safu moja ya vyumba mara nyingi sana kwa haraka, biti za safu jirani zinaweza kugeuka zenyewe. Kitu hicho kinaitwa Rowhammer. Jirani mwenye kelele, kwa ufupi.

Programu inayojulikana zaidi ni Memtest86+, ya bure, inayoendelezwa na Mfaransa Samuel Demeulemeester tangu 2004. Uzuri wake ni kwamba haihitaji Windows. Unaiweka kwenye kle USB, unawasha mashine kupitia kle hiyo, na inachukua memori karibu yote kwa ajili ya kipimo. Kwenye mashine zingine italazimu kuzima Secure Boot kwanza.

Fundi wetu alianza na jambo ambalo sisi tusingeanza nalo: alizima XMP. “Kama mutu ni mugonjwa akiwa amelala, hauwezi kumupima akiwa anakimbia,” alisema. Alitaka kujua kwanza kama bareti ni nzima kwa mwendo wa kawaida. Kama kosa linatokea hata hapo, haina maana kuendelea: toa zote, pima moja moja kwenye tundu lile lile, halafu hamisha ile unayoishuku kwenye tundu lingine. Kosa likiifuata bareti, bareti njo iko na shida. Likibaki kwenye tundu, shida ni ya kadi-mama au ya processeri. Kabla ya kutupa, futa miguu ya dhahabu ya bareti kwa kitambaa kikavu na safi, upulize vumbi la mu tundu. Mashine nyingi “zilizokufa” mjini kwetu zimefufuka hivyo.

Mzunguko mmoja kwenye gigabaiti 16 unaweza kuchukua saa moja, mbili au zaidi, kulingana na mashine. Mmoja hautoshi. Angalau minne, na kwa memori iliyosukumwa usiku mzima ni bora. Watu wengi wanauliza: makosa mangapi yanakubalika? Jibu ni sifuri. Si “mawili tu”, si “lilitokea mara moja saa tisa ya usiku”. Mstari mmoja mwekundu unatosha kusema mwendo huo haufai.

Hapa kwetu kuna umeme. Ukikatika katikati ya kipimo, usiogope: Memtest86+ haiandiki kitu mu diski yako, hakuna kitakachopotea isipokuwa usiku wako. Utaanza upya. Mwenye onduleri aitumie. Kitu ambacho hupaswi kukifanya bila umeme wa uhakika ni kubadilisha toleo la BIOS yenyewe. Hiyo ikikatika njiani, mashine inaweza kukataa kuwaka kabisa.

Ikiwa memori imepita kwa mwendo wa kawaida, ndipo unawasha XMP na kurudia yote. Ikipita tena, unaingia mu Windows na kupima kwa njia ngumu zaidi. Mafundi wanatumia TestMem5, ambayo ni ya bure, au Prime95, programu iliyotengenezwa kwa kutafuta namba tasa kubwa ambayo inatesa processeri na memori kwa pamoja. Kwa nini kurudia? Sababu Memtest86+ inapima memori mashine ikiwa imetulia. Kazi yako ya kweli inapasha moto processeri, kadi ya picha, hewa yote ya ndani ya boksi. Na joto linafanya bidoni zivuje haraka zaidi. Memori iliyopita kipimo usiku wa baridi boksi likiwa wazi inaweza kuanguka saa nane ya mchana. Funga boksi, pima mchana pia.

Mashine isipowaka kabisa baada ya kubadilisha mwendo, usiite pasta. Kompyuta nyingi zitajaribu mara chache halafu zitarudi zenyewe kwenye mwendo wa kawaida. Zisiporudi, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara mu kadi-mama kwa dakika chache, irudishe. BIOS itasahau uliyoiambia.

Na volti? Kuna vijana wanaopandisha volti ili memori ikubali. Kwa DDR4, 1.35 inajulikana na inatumika sana. Sisi tunashauri kutopita hapo bila kujua unachofanya, hasa kwa boksi lisilo na feni ya kutosha. Wale wa mashindano wanaopita 12,000 kwa DDR5 wanamimina naitrojeni ya majimaji, na wanahitaji mashine idumu kwa muda mfupi tu. Wewe unaihitaji hadi mtoto amalize shule.

Hata ambaye hasukumi

Mtu atasema: miye siguse BIOS, hii hainihusu. Mwaka 2009 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walitoa hesabu za kompyuta za Google: zaidi ya asilimia 8 ya bareti zilipata kosa angalau moja kwa mwaka. Hizo ni mashine za serva, zenye memori ya ECC, yaani yenye biti za ziada za kugundua kosa na kulirekebisha kama ni la biti moja. Za kwetu nyingi hazina ECC. Mu mwezi wa kumi 2022, Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alichelewa kazi yake sababu kompyuta yake ilikuwa inatoa makosa yasiyoeleweka. Alishuku programu kwanza. Ilikuwa bareti moja iliyoharibika, mu mashine isiyokuwa na ECC. Kama yeye alitafuta mahali pasipo penyewe, sisi na stabilizateri yetu mpya tusione haya.

Ukienda kununua, usisome karatasi iliyobandikwa peke yake. Karatasi inabandikwa na mtu yeyote. Washa kle yako ya Memtest86+ mbele ya muuzaji: inaonyesha aina ya bareti na mwendo inaotembea. Mwombe muda wa mzunguko mmoja kabla ya kulipa. Muuzaji mwenye bidhaa safi atakuruhusu, hata kama atanung’unika. Ile garanti ya maisha iliyoandikwa kwenye pakiti inamfaa anayeishi karibu na duka kubwa. Ukiwa Walikale, garanti yako ni hicho kipimo.

Tumetaja Walikale, tuseme na hili. Risasi ya kuunganishia vipande kwenye kadi za kisasa inayotumika sana ni bati kwa asilimia 96.5, na fedha na shaba kidogo. Bati linatoka mu kasiterite, ile ile inayochimbwa Bisie. Haiwezekani kujua bati la bareti fulani lilitoka wapi, lakini si ajabu ikiwa kitu kilichotoka hapa kwa gunia kilirudi kwa pakiti yenye taa za rangi.

Studio yetu, kwa 3600 na bareti zote nne, kosa la kwanza lilionekana baada ya dakika arobaini hivi. Tukatoa mbili: kosa moja usiku mzima. Tukarudisha zote nne, tukashuka hadi 3200 na volti 1.35 ile ile: usiku mbili, na mchana mmoja boksi likiwa limefungwa, hakuna mstari mwekundu. Kwa montaji ya sauti hakuna aliyesikia tofauti ya mwendo.

Mazungumzo ya bibi mmoja wa Idjwi yalikuwa kati ya mafaili yaliyoharibika, na rekoda ilikuwa imeshafutwa. Tulipanda tena bwato kwenda kwake. Alitupokea vizuri, akaongea, lakini kwa ufupi, kama mtu anayefikiri tayari alishasema. Teknisiani wetu ndiye aliyeshika mikro siku hiyo. Sasa ndani ya mlango wa boksi amebandika karatasi kwa mkono wake: 3200, CL16, 1.35, tarehe ya kipimo, na tarehe ya kipimo kijacho, baada ya miezi sita.